Polaraiza Huanza Kufia Ukingoni

Itoe polaraiza yako, ile filta ya lenzi inayozima mng'ao, kwenye begi, iinue ielekee dirishani, kisha usiangalie katikati. Katikati karibu kila mara ni safi. Angalia ukingoni, pale kioo kinapokutana na pete ya chuma. Ukiona utepe wa rangirangi kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi, au vipovu vidogo mfano wa mayai ya samaki, au michirizi inayotambaa kuelekea ndani kama mizizi, basi filta hiyo imeanza kuaga, hata kama jana ilikupa picha nzuri.

Ya kwanza kuniaga niliiua mwenyewe kwenye foleni ya kivuko cha Likoni. Ilikuwa saa saba mchana. Niliiacha juu ya dashibodi ya gari, ndani ya kiboksi chake cha plastiki, nikashuka kunywa dafu. Foleni ilikuwa foleni ya Likoni, kwa hiyo dafu moja likawa mawili na soga zikanoga. Siku mbili baadaye nilikuwa Diani nikipiga picha za hoteli, na kila picha ya lenzi ndefu ikatoka imelegea: makuti ya paa hayatengani, maandishi ya ubao hayasomeki vizuri. Nikasafisha lenzi. Nikasafisha filta. Nikamgombeza kijana aliyekuwa akinisaidia kwamba amegusa kioo kwa vidole vyenye mafuta ya viazi karai. Maskini, hakuwa na kosa. Kilichoharibika kilikuwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Wengi wetu tunaiita polaraiza kioo, kwa hiyo tunaitunza kama kioo. Filta ya kawaida ya kukinga lenzi ni kipande cha kioo tu. Unaweza kuiosha kwa sabuni, ukaianika, ukaisahau kwenye droo miaka kumi. Polaraiza ni kitu kingine. Ni vioo viwili vilivyobana utando mwembamba wa plastiki, na matabaka hayo yote yameshikamanishwa kwa gundi. Ikiwa ina herufi CPL kwenye pete, kama zilivyo nyingi za siku hizi, basi ndani yake kuna utando wa pili, ule unaouvuruga mwanga tena baada ya kuchujwa ili vipimo vya mwanga na fokasi vya kamera zenye kioo cha ndani visichanganyikiwe. Kila tabaka linaloongezeka ni mshono mwingine unaoweza kufumuka.

Utando wenyewe una historia ambayo mtu wa nchi za malaria hawezi kuipita bila kutabasamu. Mwaka 1852 daktari wa Bristol, Uingereza, aliyeitwa William Bird Herapath, alielezea fuwele za kijani zilizotokea pale mwanafunzi wake alipodondosha iodini kwenye mkojo wa mbwa aliyekuwa amelishwa kwinini. Fuwele hizo zilipolaliana ziliruhusu mwanga au kuuzuia kutegemea zimelala vipi. Miaka karibu 80 baadaye Mmarekani Edwin Land, yule wa kampuni ya Polaroid, alizipanga fuwele za namna hiyo kwa mamilioni ndani ya karatasi ya plastiki, na mwaka 1929 akaomba hataza. Kufikia 1938 aliachana na fuwele. Alichukua plastiki ya PVA, akaivuta mpaka molekuli zake zikalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, halafu akaitia iodini. Filta nyingi tunazofunga leo kwenye lenzi zimetokana na njia hiyo ya pili.

Sasa sikiliza ubaya wake. Plastiki hiyo ya PVA inapenda maji. Ni jamii ya plastiki ile inayotumika kutengeneza vifuko vya sabuni vinavyotupwa ndani ya mashine ya kufulia vikayeyuka vyenyewe. Kwa maneno mengine, moyo wa filta uliyoilipia pesa nyingi ni kitu ambacho kikiachwa uchi ndani ya maji ya moto kinayeyuka, na rangi yake ni iodini, ndugu ya ile ya kupaka kwenye kidonda, ambayo nayo haipendi kukaa mahali pamoja. Vinavyoulinda moyo huo ni vioo viwili mbele na nyuma, na ukingoni, mara nyingi, ni gundi tu.

Ndiyo maana nasema angalia ukingoni. Hewa ya pwani haihitaji mlango mkubwa. Zanzibar, Tanga, Mombasa, alfajiri unyevu wa hewa hupita asilimia 80 bila hata mvua kunyesha, na masika ikiingia hata chumvi ya mezani inageuka uji. Unyevu huo huingia kwa ukingo wa filta taratibu. Utando unavimba kidogo, gundi inaachia, hewa inaingia kati ya matabaka, na ndipo zile rangi za upinde zinapoonekana. Wakati huohuo iodini inaanza kuukimbia utando. Filta bado inaonekana nyeusinyeusi mkononi, ila nguvu yake ya kuzima mng'ao imepungua, nawe unadhani ni jua la leo.

Joto nalo lina kazi yake. Joto kavu hugeuza utando kuwa na rangi ya chai ya rangi. Joto lenye unyevu hufukuza iodini. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na filta haisaidiki kwa kuwa ndani ya kiboksi. Kiboksi cheusi ndicho kinachoioka. Kumbuka pia kwamba polaraiza kwa asili yake hunyonya zaidi ya nusu ya mwanga unaoipiga, na mwanga ulionyonywa lazima ugeuke joto. Umewahi kuona pikipiki ambayo tarakimu za mwendo kwenye kioo cha mbele zimemezwa na doa jeusi? Ni utando wa jamii hiyohiyo, umekaangwa na jua la kijiweni. Filta yako haipati jua la saa kumi kwa siku kama bodaboda, lakini kamera iliyosimamishwa kwenye miguu mitatu ufukweni, lenzi ikitazama juu, huku wewe ukisubiri bibi harusi amalize kupambwa, inakaribia hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi kuliko wote, na ndio unaopuuzwa zaidi: ivue. Polaraiza si kifuniko cha lenzi. Ina saa zake. Jua likiwa ubavuni mwako, inafanya maajabu: anga linaiva, maji ya mkondo yanafunguka hadi matumbawe yaonekane, majani ya msitu wa Amani baada ya mvua yanapoteza ule weupe wa kung'aa na kurudi kuwa kijani. Jua likiwa mbele yako au mgongoni, haibadilishi kitu angani. Inakunyang'anya mwanga tu, mara nyingi mpaka ikabaki nusu au robo yake. Wanaoifunga Januari wakaivua Desemba wanaichosha bure, na wanapiga picha za machweo, jua likiwa usoni kabisa, kwa filta isiyowafaa lolote. Na kwa kuwa nimelitaja jua: polaraiza si kinga ya kutazamia kupatwa kwa jua. Watu walipokwenda Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kutazama jua likibaki pete, miwani maalumu ilikuwa na sababu yake. Polaraiza, hata mbili zikilaliana mpaka zikawa nyeusi, hazilindi jicho.

Kuna kitu ambacho wapiga picha wa hoteli wanakijua kwa machungu. Umelala chumba chenye kiyoyozi, begi limepoa kama mtungi. Saa kumi na mbili asubuhi unafungua mlango wa baraza, hewa nzito ya bahari inakumbatia kamera, na kioo kinatoa jasho. Jasho la nje ni la kufuta. Linaloogopesha ni lile linalokusanyika kwenye mfereji mwembamba kati ya kioo na pete, maana hapo ndipo ukingo wa utando ulipo, na tone likinasa humo linakaa. Dawa yake haina gharama. Kabla ya kutoka, tia kamera na filta ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, toka nayo, acha ipate joto la nje robo saa au nusu saa, ndipo ufungue. Jasho litatokea juu ya mfuko.

Kusafisha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu filta nyingi nilizoziona zikifa hazikuuawa na bahari, ziliuawa na usafi. Mtu ametoka kupiga picha za ngalawa Nungwi, filta imetapakaa chumvi, anaipeleka chini ya bomba. Maji ya bomba yanaingia ukingoni kwa furaha. Mwingine anadondosha spiriti moja kwa moja juu ya kioo. Spiriti inakimbilia kwenye mfereji na kuanza kazi yake kwenye gundi. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, sitaki hata kuizungumzia. Kanuni ni kwamba umajimaji uende kwenye kitambaa, usiende kwenye filta. Anza na pampu ya mpira kupuliza mchanga, filta ikiwa imeinama ili uchafu uanguke chini. Usipulize kwa mdomo, mdomo una mate. Kama kuna chumvi iliyokauka, usisugue, maana punje zake zitakwaruza. Lowesha kitambaa laini kwa maji safi kidogo, kikamue mpaka kiwe na unyevu tu, kibandike juu ya kioo kwa muda chumvi ilainike, kisha futa kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Malizia kwa kitambaa kikavu. Chumvi usiiache mpaka kesho, kwani chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuushikilia palepale usipoutaka. Wala usitumie upindo wa kanga: pamoja na ulaini wake wote, umeshapita jikoni na una mafuta.

Pete ina matatizo yake, tofauti na ya utando. Polaraiza ina pete mbili: ya nyuma inajisokota kwenye lenzi, ya mbele inazunguka. Kati yao kuna grisi kidogo. Mchanga mwembamba wa pwani, au lile vumbi la kijivu la Amboseli linaloingia hata kwenye meno, ukiingia hapo utasikia mkwaruzo kila unapozungusha. Usiendelee kuzungusha ukitumaini utatoka. Puliza, gonga taratibu kiganjani, puliza tena. Usitie mafuta ya nazi wala ya cherehani. Yatakimbilia kwenye kioo, na yakifika ukingoni hayarudi.

Halafu lipo suala la kunasa. Pete za alumini kwenye lenzi ya alumini hushikana kama zimechomelewa, hasa chumvi ikiingia kwenye hesi, ile mistari ya kusokotea. Pete za shaba ya njano ni nzito na ni ghali, ila hunasa mara chache zaidi. Kwa filta ya kawaida watu hutumia ujanja wa kuibonyeza kwenye soli ya ndala na kuizungusha lenzi. Kwa polaraiza ujanja huo hauna maana, kwa sababu pete ya mbele itazunguka tu na ya nyuma itabaki inakucheka. Unatakiwa uishike pete ya nyuma peke yake, na ni nyembamba kama ukucha. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli, uvalishe kuzunguka pete ya nyuma, kisha uishike kwa vidole vingi kwa wakati mmoja. Ukiibana kwa vidole viwili kwa nguvu, duara linageuka yai na linazidi kunasa. Ili yasikukute, paka hesi za filta unga wa penseli laini ya 2B, kidogo sana, upulize unaobaki. Na jizoeze kuizungusha polaraiza kuelekea upande wa kukaza: ukiwa nyuma ya kamera, ni kinyume cha mwendo wa saa. Wanaozungusha upande wowote hujikuta wanaifungua bila kujua, na siku moja inadondoka kutoka juu ya ngome ikagonga mawe.

Kuhifadhi si lazima kabati la umeme la kuondoa unyevu, ingawa mwenye uwezo anunue. Kwa wengine, sanduku la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mfuniko unaobana kwa mpira linatosha, pamoja na silika, zile punje za kunyonya unyevu. Nunua zenye kubadili rangi ili ujue zimeshiba lini. Zikishiba, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi kama 120 mpaka rangi irudi, ziache zipoe kwanza, ndipo uzirudishe. Punje za bluu zina kobalti, usizikaushe kwenye sufuria ya kupikia wali. Mchele wenyewe, ambao kila mtu anakushauri, hauna nguvu hiyo na unaacha unga. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndani ya sanduku. Ukipita 60 na kukaa huko, fangasi nao wanakuja kupanga. Ile mikoba ya ngozi inayopendeza ni ya kubebea tu, haifai kulaza filta ndani yake. Ngozi hushika unyevu na kuulea.

Utajuaje kama filta imechoka kweli, au kama ile unayouziwa mkononi ni nzima? Beba kompyuta mpakato, au mwombe muuzaji aliye na moja. Fungua ukurasa mweupe. Shika filta upande wa mbele uelekee skrini, upande wa hesi uelekee jicho lako, kisha uizungushe polepole. Katika mzunguko mmoja kamili skrini inapaswa kuzima mara mbili, ikawa karibu nyeusi, pengine na dalili ya bluu au zambarau. Ikiwa sehemu moja inazima na nyingine inabaki na mwanga, utando umeharibika hapo. Ikiwa yote inaishia kijivu, iodini imeondoka. Ikiwa haibadiliki kabisa, umeshika kioo cheusi kilichoandikwa CPL, na vipo vingi sokoni. Simu usiitegemee kwa jaribio hili. Skrini nyingi za siku hizi zina utando wa aina nyingine juu na zitakudanganya.

Jaribio la pili linahitaji kioo cha kujitazamia. Weka filta mbele ya jicho moja, upande wa hesi ukielekea kioo, ujitazame. Kwa CPL halisi jicho lako litaonekana limefunikwa na giza. Geuza filta, jicho litaonekana. Isipobadilika namna hiyo, si CPL, hata kama pete inaapa. Mwenye kamera mpya isiyo na kioo ndani asisikitike sana akigundua ameuziwa polaraiza ya zamani isiyo CPL. Kwa kawaida kamera hizo hufanya nayo kazi vizuri, na matabaka yake ni machache.

La tatu ndilo ninaloliamini zaidi. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simamisha kamera kwenye miguu mitatu, funga lenzi yako ndefu kuliko zote, piga kwa kipima muda picha moja bila filta na nyingine nayo, ukirekebisha mwanga. Kuza herufi. Polaraiza iliyoanza kufumuka ndani huharibu lenzi ndefu mapema, huku lenzi pana ikiendelea kukusifia.

Kuhusu kununua nina maoni makali kidogo. Matangazo yanakuuzia tabaka la kukimbiza maji, tabaka la kuzuia mikwaruzo, pete nyembamba kama karatasi. Mikwaruzo midogo ya juu haijawahi kunipotezea kazi. Kama fedha ni za kuhesabu, zitumie kwenye ukingo: tafuta filta ambayo mtengenezaji anasema wazi kwamba kingo zake zimezibwa. Neno Käsemann kwenye baadhi ya filta za Ujerumani, kama za B+W, linamaanisha hivyo. Pete nyembamba ni ya wenye lenzi pana sana peke yao. Kwa wengine hupinda na kunasa. Na usinunue tatu za bei rahisi kwa lenzi tatu. Nunua moja nzuri ya lenzi yako kubwa, tuseme milimita 77, halafu pete za kupandisha kwa lenzi ndogo za 67, 58 au 52. Pete hizo hazina utando wa kuoza.

Ukinunua ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, fanya lile la kwanza kabisa: dirishani, ukingoni. Muuzaji akikwambia hiyo rangirangi ni alama ya vidole, mpe kitambaa aifute mwenyewe.

Iliyofumuka haitengenezeki. Nimemwona fundi akijaribu kuifungua na kuigandisha upya kwa gundi ya simu. Alipata kitu kinachofanana na kitako cha chupa. Iliyoanza tu ukingoni bado unaweza kuitumia kwa muda kwenye lenzi ndogo kwa kutumia pete ya kupandisha, kwa kuwa lenzi ndogo hutazama katikati tu. Iandikie tarehe ndani ya kiboksi na uipime kila baada ya miezi mitatu kwa ule ukurasa wa gazeti. Ikifa kabisa, fungua kipete cha ndani kinachoshika kioo, toa vioo, ubaki na pete tupu. Ya kwangu ya Likoni iko hivyo mpaka leo, imefungwa mbele ya lenzi ya milimita 50. Lenzi ikigonga ukuta wa matumbawe wa Mji Mkongwe, pete ndiyo inayochubuka.